Mizigo Kwanza, Watu Baadaye

Msomaji, wiki nzima umemwacha mwanamke wa watu amelala kifudifudi juu ya paa la lifti, tochi mdomoni, grisi mpaka kwenye kiwiko. Tumwondoe hapo kabla hajapata mafua.

Fundi, maana ndivyo kila mtu anavyomwita, alikuwa ameinua mfuniko wa dharura na kumulika ndani. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili. Ndani kulikuwa na abiria mmoja tu. Abiria yule akakinga mwanga kwa kiganja, akainua uso, akatabasamu kama mwenyeji anayepokea mgeni.

"Habari za tangu juzi, Fundi?"

Yule yule! Aliyekwama kwenye lifti ya benki, akakwama kwenye lifti ya kliniki ya macho, akakwama kwenye lifti ya hoteli, na kila mara aliyekuja kumtoa alikuwa Fundi huyu huyu. Watu humwita Spika, kwa sababu anatengeneza spika, na kwa sababu sauti yake mwenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukiisikia unadhani waya mmoja umeachia.

Kwa wasiokuwapo: baada ya kuokolewa mara ya tatu, Spika alimwalika Fundi chai mahali penye madirisha. Huko akatamka neno ndoa. Fundi akamwomba arudie, hakusikia. Akarudia. Fundi akasema atafikiri.

Alikuwa bado anafikiri asubuhi hii, wakati mama yake alipomwekea sharti juu ya chai. "Huyo kijana wako wa lifti ukikutana naye tena bila kupanga, basi imeandikwa. Utaolewa naye, na sitaki kusikia hesabu zako."

Fundi, anayeamini kipima umeme kuliko kauli ya binadamu yeyote, alijibu, "Sawa, Mama," akatoka kwa haraka ili mjadala usiendelee. Haraka hiyo ikamfanya asahau simu mezani. Ishike simu hiyo kichwani, tutaihitaji.

"Ni nani humo?" sauti ikauliza kutoka juu, kwenye mlango wa ghorofa.

Ilikuwa sauti ya Meneja.

"Abiria," Fundi akajibu.

"Usinizungushe. Ni yule wa benki?"

Fundi akatoa tochi mdomoni. Uongo ungekuwa mfupi, lakini hakuwa na mazoea nao.

"Ni yeye, Bosi."

"Mtoe. Kisha nyote wawili ofisini kwangu. Na uje na ufunguo wako."

Fundi akaupapasa ufunguo mfukoni. Ufunguo wa fundi wa lifti ni kijiti cha chuma chenye mdomo wa pembetatu. Hufungua mlango wa lifti yoyote ukiwa nje. Anayeombwa aje nao ofisini haombwi ili wakautazame pamoja.

Alishuka ghorofa ya chini, akafungua mlango. Sakafu ya lifti ilikuwa usawa wa kifua chake.

"Mizigo kwanza, watu baadaye," akasema, kama anavyosema kila mara. Ndiyo kanuni. Mtu aliyebeba kitu huteleza.

Spika akasukuma begi lake jeusi hadi ukingoni. Fundi akalipokea, akalikabidhi kwa fundi mwenzake aliyekuwa amekuja kushuhudia. Mwenzake huyo anaitwa Breki, kwa sababu kazi ikimfikia husimama.

"Umebeba nini humu, kaburi?" Breki akaguna.

"Vifaa vya kazi, kaka. Samahani."

Kisha akashuka Spika mwenyewe. Kisha, kama kanuni inavyotaka, Fundi akaijaribu lifti ikiwa tupu. Ikapanda. Ikashuka. Ikafungua milango taratibu, kwa adabu, kama isiyowahi kukosea maishani mwake.

"Unaona?" Breki akasema. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

*

Aibu ya siku ile ilikuwa na sababu ya ziada. Jengo lenyewe ndilo lenye ofisi za kampuni ya lifti. Bango liko nje, herufi kubwa kama za onyo: TUNATENGENEZA LIFTI ZOTE.

Meneja alikaa nyuma ya meza yake. Fundi na Spika wakasimama. Breki akajikalisha kwenye kiti kilicho karibu na mlango, begi akaliweka ubavuni mwake, kama mtu anayetunza kidhibiti.

"Ulikuja kufanya nini hapa?" Meneja akamuuliza Spika.

"Kutengeneza spika za ukumbi wa juu."

"Hukujua kwamba huyu anafanya kazi hapa?"

"Sikujua, Bosi."

"Kuna bango nje!"

"Nilikuwa natazama chini. Begi zito."

Breki akacheka kwa pua.

Meneja akaunganisha vidole. "Saa kumi mwenye jengo anakuja kuniuliza kwa nini kampuni ya lifti inakwamisha watu mlangoni pake. Nina majibu mawili. La kwanza, kijana huyu anaziharibu lifti ili aje aokolewe na wewe. La pili, unaziharibu wewe, na yeye ni abiria wako wa mpango. Nichagulie."

"Hakuna la tatu?" Fundi akauliza.

"La tatu lipi?"

"Majaliwa," akasema Spika.

"Sema kwa sauti."

"Majaliwa, Bosi. Kwamba ilikuwa tukutane."

Meneja akatazama saa yake. "Kijana, mwenye jengo ni mwanasheria. Nikamwambie majaliwa?"

Msomaji, elewa mtego ulivyofungwa. Fundi akisema Spika ndiye mharibifu, ufunguo unabaki mfukoni na mchumba anakwenda. Akisema ni bahati tu, mchumba anabaki na ufunguo unakwenda. Wengi wetu tungeanza kulia. Fundi akaanza kuuliza maswali.

"Unaziharibu?" akamwelekea Spika.

"Mimi? Mimi naogopa lifti."

"Unaogopa, na unapanda kila siku?"

"Kumbi ziko juu kila jengo. Ngazi nyingi. Begi zito."

"Na hukufurahi kukwama?"

Spika akatazama viatu vyake. "Mara ya kwanza sikufurahi."

"Na mara ya pili?" Meneja akadakia.

"Mara ya pili nilitumaini."

"Alitumaini!" Breki akapiga goti. "Bosi, umesikia kwa masikio yako! Alitumaini!"

"Kutumaini hakusimamishi lifti," akasema Fundi. "Kungekuwa kunasimamisha, zisingetembea kabisa."

Simu ya Meneja ikalia. Akasikiliza, akafunika kipokeo. "Ni mama yako. Umeacha simu nyumbani, anakuletea. Yuko njiani." Akashusha simu kwa hasira. "Ofisi yangu imekuwa sebule ya ukoo!"

"Basi na mimi naomba nimpigie Baba," akasema Spika. "Karakana ni yake. Aje aseme mimi ni mtu wa namna gani."

"Mwite! Mwite na babu! Lakini ikifika saa kumi sina jibu, ufunguo unabaki juu ya meza hii."

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa anakunja vidole, kimoja kimoja.

"Kwanza, kwa nini anakutana na mimi," akasema. "Majengo yote manne yako upande wangu wa mji. Mtu yeyote akikwama huko, nakuja mimi. Hapo hapana muujiza, ni mgawanyo wa kazi. Pili, kwa nini anakutana na lifti hizi. Kwa sababu kumbi ziko juu. Kinachobaki ni kimoja tu: kwa nini zinasimama akiwamo yeye."

Uso wa Spika ulikuwa umeanza kushuka. Si jambo dogo kusimama na kumsikiliza mwanamke unayempenda akiyafumua majaliwa yenu uzi baada ya uzi.

"Maneno mengi!" Breki akanguruma. "Bosi, mimi nasema hivi!"

Na akainuka kwa kishindo, kidole juu, tayari kutoa hukumu.

Begi likainuka naye.

Breki akageuka. Begi likageuka. Akapiga hatua mbele, begi likamfuata likiwa limemng'ang'ania kiunoni, kama mtoto asiyetaka kuachwa. Akalipiga kofi. Halikubanduka.

"Litoeni! Lina nini hili? Litoeni!"

"Tulia," akasema Fundi. "Ni funguo zako."

Kweli. Fungu zima la funguo, lililokuwa likining'inia kwenye mkanda wa Breki, lilikuwa limeganda kwenye upande wa begi.

Fundi akapiga magoti, akafungua zipu. Ndani, zikiwa zimefungwa kwa tambara, kulikuwa na sumaku mbili za spika kubwa, nene kama kingo za sufuria ya shughuli.

"Hizi unatembea nazo siku zote?"

"Za akiba," akasema Spika. "Spika za kumbi, kinachokufa mara nyingi ni hicho."

"Na ukiingia kwenye lifti, begi unaliweka wapi?"

"Kwenye kona. Ukutani, nyuma. Lisiwagonge watu magoti."

Fundi akabaki pale pale chini, akacheka. Wale waliowahi kumwona akicheka ni wachache, kwa hiyo Meneja alishtuka.

"Bosi, lifti za aina hii ni vipofu. Zinajua ziko wapi kwa kupapasa. Ndani ya shimo, kwenye kila ghorofa, pamefungwa sumaku. Nyuma ya ukuta wa lifti kuna swichi. Swichi ikipita mbele ya sumaku inasema, 'Tumefika.' Huyu bwana, kwa adabu zake, anaegemeza sumaku kubwa kuliko zetu kwenye ukuta ule ule. Lifti inaambiwa imefika kabla haijafika. Inasimama. Mlango unakataa kufunguka, maana hapo hapana ghorofa."

"Na mbona wewe ukiijaribu inafanya kazi?"

Hilo ndilo swali. Fundi alilijibu kwa sauti iliyopungua.

"Kwa sababu naanza kutoa mizigo."

Wote wakatazama ukutani, juu ya kichwa cha Meneja. Palikuwa na kibao alichokitundika Meneja mwenyewe, kwa msumari wake mwenyewe: MIZIGO KWANZA, WATU BAADAYE.

"Kila mara nimeutoa ugonjwa nje kwa mikono yangu," akasema Fundi, "kisha nikampima mgonjwa, nikamkuta mzima."

*

Meneja si mtu wa kusadiki haraka. "Nionyeshe."

"Mtu apande na begi."

"Breki."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe husemi kitu, unasema tu. Kaseme ukiwa humo."

Breki akaingia na begi, uso kama anayepelekwa kutahiniwa. Akaelekezwa aliegemeze kwenye kona ya nyuma. Mlango ukafunga. Lifti ikapanda kidogo, ikatoa mlio wa kukohoa, ikasimama.

Kisha ukasikika mkono ukipiga bati.

"Jamani! Jamani imesimama! Nitoeni!"

Fundi akafungua mlango kwa ufunguo. Viatu vya Breki vilionekana usawa wa uso wake.

"Mizigo kwanza," akasema.

"Nitoe mimi kwanza, dada! Mimi nina pumzi fupi!"

"Kanuni, kaka."

Begi likatoka, Fundi akafunga mlango. Lifti, bila kusubiri maombi ya mtu, ikatikisika, ikapanda hadi ghorofa iliyofuata, ikafungua mlango na kumtema Breki kwa heshima zote.

Meneja akapangusa paji la uso. Akalichukua begi, akalipeleka ofisini, akalifungia kwenye kabati la chuma. Sumaku zikajibandika ndani ya kabati kwa kishindo, kana kwamba zimefika nyumbani.

"Nitamwambia mwenye jengo ni sumaku," akasema. "Sumaku nitaweza kumweleza. Ufunguo wako weka mfukoni. Kwa sasa."

Fundi akaurudisha mfukoni. Alipotoka nje alimkuta Spika kwenye korido, anatazama dirishani kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

"Kwa hiyo si majaliwa," akasema.

"Hapana."

"Ni sumaku."

"Na mgawanyo wa kazi."

"Fundi, mimi nilimwambia kila mtu. Nimemwambia kinyozi wangu. Nimemwambia Baba kwamba Mungu anasimamisha lifti kwa ajili yangu."

"Mama yangu naye aliamini. Alisema nikikutana nawe tena bila kupanga, niolewe nawe."

Spika akageuka polepole. "Alisema bila kupanga?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe ulipanga?"

"Hapana."

"Mimi nilipanga?"

Fundi akafikiri. Aliyapitia yote tena, kuanzia benki, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Hukupanga," akakiri.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sharti limetimia. Sababu yake si ile aliyoidhani Mama, lakini limetimia." Akafuta grisi kiganjani kwa tambara, bila kumtazama. "Nimeshafikiri. Jibu langu ni..."

Kengele ya hatari ikalia.

Si kengele ya moto. Ya lifti. Taa nyekundu juu ya mlango ikawa inawaka na kuzima. Imekwama! Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili!

Meneja akatoka ofisini mbio, akarudi kulitikisa kabati, akatoka tena. "Begi limo! Nimelifungia mwenyewe! Fundi, sumaku imo kabatini, lifti imesimama, na saa kumi ndiyo hii!" Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe ufunguo."

"Mimi sisemi kitu," Breki akaanza, pumzi yake fupi ikiwa imeshapona.

"Nikishamtoa aliyemo," akasema Fundi, na kabla mtu hajajibu alikuwa keshashuka ngazi mbili mbili, Spika nyuma yake, Meneja nyuma ya Spika.

Mbioni, alikuwa akihesabu yanayowezekana. Mzee wa Spika alikuwa njiani. Mzee ni fundi wa spika. Huenda Mzee naye ana sumaku. Likiwa hilo, ufunguo umepona.

Akafungua mlango wa ghorofa, akausukuma wa ndani. Waliokuwamo ni wawili.

Kwenye kona, ameshika kofia kwa mikono yote miwili, alisimama mzee mrefu mwenye masikio ya Spika. Mbele yake, mkoba begani, alisimama Mama.

Hapa kuna msomaji anayetaka kunung'unika kwamba mwandishi kazidisha, kwamba wazazi wawili wasingeweza kuingia lifti moja kwa bahati. Hakuna bahati. Simu ilisahaulika kwa ajili ya Spika, na Mzee ameitwa kwa ajili ya Spika. Watu wawili wanaoitwa mahali pamoja kwa sababu moja wakikutana mlangoni, hilo halina maajabu. Maajabu ni haya yanayofuata.

"Mzee, shikamoo," akasema Fundi. "Una sumaku?"

"Marahaba, mwanangu. Sina hata sarafu."

Meneja akatoa sauti ya mtu anayezama.

"Mkoba wako una nini, Mama?"

"Acha kutupekua kama mizigo ya mpakani," akasema Mama. "Haijaharibika. Nimeisimamisha mimi."

Ndipo wote wakakiona kidole chake. Kilikuwa bado juu ya kitufe chekundu, na kilikuwa hakina nia ya kuondoka.

"Wewe? Kwa nini?"

"Muulize huyu. Tangu ujana wetu sijamtia machoni. Leo anaingia, ananipa nafasi, ananisabahi: 'Habari yako, mama.' Mimi! Mama! Kama abiria mwenzake!"

"Sikukutambua," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Umevaa miwani."

"Ulinitambuaje basi nilipobonyeza?"

"Ulivyobonyeza."

Spika akachungulia juu ya bega la Fundi. "Baba, kwani mnajuana?"

"Hatujuani!" wakajibu wote wawili kwa pamoja, kama kwaya.

Meneja, ambaye muda wote huo alikuwa amekwisha kuelewa jambo moja tu, akauvuta mkono wake taratibu na kuutia mfukoni. Lifti nzima. Imesimamishwa kwa kidole cha binadamu. Hilo nalo mwanasheria ataelewa. Ufunguo ulibaki ulipokuwa.

"Mama," akasema Fundi kwa sauti ya kazini. "Mwenye jengo anafika sasa hivi. Nawatoa. Mizigo kwanza, watu baadaye."

"Vizuri." Mama akavua mkoba begani, akaupitisha chini mpaka mikononi mwa binti yake. "Simu yako imo humo. Mzigo umetoka. Watu bado."

"Mama!"

"Wewe ulisema utafikiri, nikakuachia ufikiri. Sasa niachie na mimi. Kuna swali nimelibeba miaka mingi, na huyu halijibu akiwa mahali penye ngazi."

Akaushika mlango wa ndani, akauvuta. Ulipokuwa umebakiza upenyo wa kiganja, mdomo wa Mzee ukatokea hapo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata nguvu.

"Mwanangu! Kabla hujampa kijana wangu jibu, muulize mama yako jina lako alilitoa wapi! Muulize nani alilichagua!"

"Nyamaza wewe!"

Mlango ukafunga. Kitufe kikaachiwa, kingine kikabonyezwa. Lifti ikapumua, ikaanza kupanda, ghorofa ya pili, ya tatu, bila kusimama, huku sauti mbili zikibishana ndani yake na kufifia kuelekea juu.

Spika akamtazama Fundi. Fundi akautazama ufunguo kiganjani mwake. Unafungua mlango wa lifti yoyote mjini, isipokuwa ile inayotembea.